Mikono Iliyozoea Kukausha

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Chiu Mei-yueh anavaa glavu za pamba, juu ya hizo anavaa za mpira, kisha anachukua pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi. Anasoma tarehe ya mwisho wa matumizi. Anaisoma tena. Ndipo anailaza taratibu juu ya mashine, kama wafanyavyo mafundi wa mji wao, ili mashine itulie na kutii; iliyopitwa na tarehe, wanaamini, huleta mkosi.

"Dada Yueh, leo haijapitwa na tarehe?" anauliza Ting, injinia kijana, chapati ya mayai ikiwa bado shavuni.

"Nyamaza wewe. Ile ya mwezi uliopita ililiwa na nani?"

"Sikuila yote!"

Mei-yueh, mwenye miaka hamsini na miwili, ni fundi wa maabara mjini Hsinchu. Kampuni yao ndogo hutengeneza vipande vya DNA kwa oda, vile ambavyo hospitali hutumia kupima magonjwa.

"Ni kutunga shanga," anasema. "Aina nne tu. Ukikosea ushanga mmoja, uzi mzima hauna kazi."

Kwa miaka kumi na tisa alizitunga kwa kemikali kali. Kila ushanga ulitaka asidi yake na kiyeyusho chake, na maji yalikuwa adui: tone moja tu na kazi ya siku nzima imeharibika. Alikausha chupa, mirija, hata vifuniko. Kila mwezi yalitoka mapipa saba ya taka.

"Nikifika nyumbani mume wangu ananiambia, 'Mama, hebu kaa dirishani kwanza.' Nilinuka kama duka la rangi."

Vidole vilimpasuka, kifua kikaanza kukoroma. Januari daktari alimkataza kuingia tena kwenye chumba cha viyeyusho.

Bahati ikaleta mashine hii, iliyoazimwa kutoka kiwandani kwa majaribio matatu. Ndani yake kazi ya kutunga hufanywa na kimeng'enya, kama vimeng'enya vinavyofanya kazi ndani ya miili yetu, tena kwenye maji yenye chumvi kidogo. Meneja Fang hakumficha kitu: ikifaulu, Mei-yueh atabaki nayo. Ikirudishwa kiwandani, hakuna nafasi nyingine ya kumpa. Pensheni yake bado miaka sita.

Jaribio la kwanza lilishindwa. La pili likakwama kwenye ushanga wa nne kati ya sitini. Ting alilaumu pakiti.

Wiki iliyopita, saa ya chakula cha mchana, Mei-yueh alikaa mbele ya supu yake ya mipira ya samaki bila kuigusa.

"Nikaona mikono yangu inakausha kijiko," anasimulia. "Inafuta, inageuza, inafuta. Nikajiambia, mwanamke wee, unakausha kijiko cha kutia kwenye supu?"

Hapo ndipo alipoelewa. Kabla ya kila jaribio alikuwa ameiosha mirija ya mashine mpya kwa kiyeyusho cha zamani, kisha akaipulizia mpaka ikauke kabisa. Hakuna aliyemwagiza. Mikono ilijiendea tu. Mabaki ya kiyeyusho ndiyo yaliyokuwa yakikiua kimeng'enya.

Angeweza kuacha kimyakimya, na nani angejua? Lakini aliingia ofisini kwa meneja na glavu zake mkononi.

"Meneja, kosa si la mashine. Ni langu mimi. Nimekiua kimeng'enya mara mbili."

Fang alimjibu: "Basi nenda kaioshe kwa maji, Dada Yueh. Na nisikuone unakausha hata kikombe."

Leo ndiyo mara ya tatu na ya mwisho. Mashine inanguruma kidogo tu, kama friji. Mei-yueh hakai. Mikono ameikunja kwapani, asije akashika kitambaa.

Saa tisa alasiri Ting anasogeza uso kwenye skrini, anahesabu kwa kidole, halafu anapiga kelele: "Sitini! Zote sitini, kwa mpangilio! Dada Yueh, pakiti naifungua!"

"Thubutu! Iache hapo hapo!" anajibu Mei-yueh, akijifuta machozi kwa mkono wa koti.

Taka ya siku nzima haikufika hata nusu ndoo.

Sasa anataka kumtoa Hsiu-lan, msichana mwenzake wa kazi aliyebaki kwenye chumba cha viyeyusho, ambaye vidole vyake vimeanza kupasuka. Meneja amekubali aanze kujifunza Jumatatu.

"Mashine ataielewa kwa siku mbili," anasema Mei-yueh. "Mikono ndiyo itamchukua muda. Nitakaa naye."

Anasuuza kikombe chake cha chai, anakifudikiza kwenye sinia, na kukiacha kikichuruzika maji.