Wimbo wa Doris na Mfumo Mpya

Mwalimu Theodory si mwalimu wa shule. Ni mkulima wa kahawa na ndizi hapa Kibosho, na kwaya ya kigango chetu anaifundisha yeye tangu mimi sijaolewa. Nyimbo anatunga mwenyewe. Si mtu wa kuamini haraka. Hata maziwa ya ng'ombe wake huyaonja kwanza kabla ya kuyauza. Ndiyo maana linaniuma hili la kompyuta, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee alichokiamini bila kukionja.

Kompyuta hiyo aliachiwa na padre mmoja mgeni, ikiwa na programu ya kuandikia nota. Unaandika sauti zote nne, halafu mashine inakupigia usikie. Mwalimu hutunga kwanza kwa mkono, kisha huhamishia humo.

Dada yangu Doris, mkewe, alipofariki, Mwalimu aliacha kutunga. Kisha akaanza kumtungia wimbo wa misa ya kutimiza mwaka, na hakutaka tuusikie mpaka uwe umekamilika. Nilikuwa nikipita nasikia mashine ikipiga vipande vipande ndani, nami nasimama kwenye migomba kusikiliza kama mwizi. Ulikuwa wimbo mzuri.

Wakati huohuo kompyuta ikaanza kumtisha. Kila akiiwasha inamwambia mfumo wake umepitwa na wakati, hautalindwa tena, abadilishe. Inasema kwa adabu kabisa. Mwalimu akaogopa virusi visije vikaula wimbo, akaibeba hadi Moshi mjini kwa fundi Praygod, mtoto wa binamu yake. Nilikuwepo.

"Shikamoo, Mwalimu," Praygod alisema. "Hii tunaapgredi tu. Vitu vyako vyote utavikuta."

"Na wimbo?"

"Vyote, Mwalimu. Usiwe na wasi."

Wiki hiyo tulikuwa tunapika mbege ya kumbukumbu, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mvua ilikuwa imelowesha kuni, na ndizi za mbege hazichemki kwa kubembelezwa. Tulipoanza kulia kwa moshi, Mwalimu akaingia ndani, akatoka na bunda la karatasi zake za nota. Nikamuuliza kama hazihitaji tena.

"Washeni tu, shemeji," alisema. "Doris yuko kwenye kompyuta."

Moto ukashika vizuri.

Kompyuta iliporudi, Praygod hakuwa amedanganya. Vitu vyote vilikuwepo. Jina la dada yangu lilikuwa pale kwenye kioo, na kila Mwalimu alipolibonyeza, mashine ilimjibu kwamba haina cha kulifungulia. Programu ya padre ilikuwa ya zamani, mfumo mpya haukuitaka, na diski yake padre aliondoka nayo. Ule mfumo wa zamani Praygod alikuwa ameshaufuta ili mpya ukae kwa nafasi. Alikuja mwenyewe nyumbani, akahangaika nayo mpaka jasho likamtoka.

"Faili ni zima, Mwalimu," akasema. "Tatizo ni halifunguki."

"Basi hata dada yangu ni mzima," nikamwambia. "Tatizo ni kaburi halifunguki."

Mwalimu alinitazama, nikatoka nje. Lakini sikuwa nimemaliza. Mtu akikusaliti, unakwenda kwake ukamsema mbele ya wanawe. Kitu kilichokutisha kwa adabu, ukakitii, kikakunyang'anya, utakwenda kukisemea wapi?

Mwalimu alijaribu kutuimbia mazoezini. Mwanzo aliukumbuka, akatupa sauti, tukaupokea. Kufika katikati akasimama, akarudia, akasimama palepale. Aliutunga akiwa na majonzi, na kichwa chenye majonzi hakiweki kitu. Akatuambia tufungue kitabu, tuimbe wa siku zote.

Ndio tuliouimba siku ya misa. Baadaye wageni wakakaa nyumbani kwake chini ya migomba, karibu na kaburi, na mbege ikaanza kuzunguka. Mjomba wetu Ebenezeri, aliyetoka Old Moshi, hajui mambo ya kompyuta wala hakuna aliyemwambia.

"Mwalimu," aliuliza, "tulisikia umemtungia marehemu wimbo. Mbona hatujausikia?"

Mwalimu alichota mbege, akajaza kata mpaka juu, akampa kwa mikono miwili.

"Ndio huo, mjomba. Kunywa."

Mjomba akanywa yote, akajifuta mdomo, akasema imekolea.