Mchanga, Makapi na Michungwa Minane

Michungwa yangu ilikuwa minane, nyuma ya nyumba. Niliitoa Mukuyuni ikiwa miche, ndani ya karai juu ya kichwa, mwaka ule mume wangu alipoandikwa kazi ya reli pale Emali. Yeye alikuja nyumbani mwisho wa kila mwezi, akaangalia, akarudi. Kwa hivyo miti ilikuwa yangu na ukame ulikuwa wangu. Mbuzi walikuwa wa mama mkwe.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Hii ni miaka ya themanini. Mvua ilikataa msimu mmoja, na uliofuata ikaja nusu. Nyasi ziliisha kabisa. Kijani iliyobaki katika boma letu lote ilikuwa majani ya michungwa, na mbuzi watano wa mama mkwe walisimama nje ya ua wa miiba wakiyatazama kama wageni wanaongoja kuitwa mezani.

"Mwaitu," nilimwambia, ndivyo Wakamba tunavyomwita mama, "hii ni miti ya matunda."

"Matunda yako wapi? Mimi naona majani. Na hata hayo yanalala mchana."

Alisema kweli. Kufika saa saba yalikuwa yamejikunja. Sitamsema vibaya, maziwa ya hao mbuzi ndiyo watoto wangu walikuwa wakinywa. Akaniambia, "Mwezi wa tisa nitakuja nao. Mti unaokufa ni wao. Mti ulio mzima nitauacha." Nikakubali kwa hasira, na tangu siku hiyo hatukusemezana isipokuwa salamu.

Sasa, kulikuwa na bwana shamba mwenye pikipiki. Alitukuta wanawake wa mwethya, hicho ni kikundi chetu cha kusaidiana, tukichimba matuta. Akatuambia kuna kitu kinaitwa silika, kinakaza jani la mti wa matunda lisipoteze maji haraka. Kiko ndani ya kioo, kiko ndani ya mchanga, kiko ndani ya makapi ya nafaka. Mimi nilisikia mchanga, basi, masikio yakafunga. Shule niliishia darasa la pili, punda wetu alipokufa ikabidi mimi nibebe maji badala yake. Lakini mchanga naujua! Mto wetu ukikauka ni mchanga mtupu.

Nikabeba. Majuma matatu, karai kwa karai, kutoka mtoni hadi kwenye mashina. Wenzangu wa mwethya wakaniuliza, "Unajengea michungwa choo?"

Bwana shamba aliporudi alisimamisha pikipiki. "Mama, nani anajenga hapa?"

"Ni ile silika yako."

Alicheka mpaka akashika usukani. Halafu akaona uso wangu, akaacha. "Mama, mchanga ni sanduku lenye kufuli, na mti hauna ufunguo. Mawele yanaivuta silika kidogo kidogo yakikua, yanaiweka kwa makapi. Choma makapi peke yake, moto mdogo, upate majivu ya kijivu. Usiache yawe meupe. Changanya na udongo, umwagilie. Na ufanye sasa hivi, udongo ukiwa bado na unyevu."

Aliyepura mawele anajua makapi yale yanavyowasha. Huwa tunayatupa mbali, mtu asiyaguse tena. Mimi niliyazoa kwa mikono, nikajikuna kama mbwa. Lundo langu lilinifika kiunoni, na lilipokwisha kuungua likawa nusu karai. Lilitosha miti mitatu. Nilichagua ile iliyo karibu na jikoni, ambayo pia ilipata maji ya kuoshea vyombo, kwa hivyo mpaka leo mtu akiniuliza ni majivu au ni maji, siwezi kuapa.

Mwezi wa tisa ukafika. Mama mkwe hakuja asubuhi. Alikuja saa saba, mama yule! Aliijua saa ambayo majani hulala. Mbuzi wote watano alikuwa amewafunga kamba.

Mti wa kwanza alichuma jani, akalikunja. Likajikunja kama kitambaa. Akalegeza kamba. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, wa nne, wa tano. Nilisimama nimeshika mlango wa jikoni, nikisikia meno ya mbuzi nyuma yake, na yeye hakunitazama hata mara moja.

Mti wa sita alikunja jani. Likavunjika, kak, bichi na lenye maji. Akachuma lingine, kak. Akaenda wa saba na wa nane, akarudi kwa wa sita kana kwamba umemdanganya. Mbuzi mmoja alikuwa ameshainua shingo. Akamvuta kwa sikio.

"Umeweka nini hapa?"

"Majivu ya makapi ya mawele."

"Na kule?"

"Hayakutosha, mwaitu."

Aliutazama ule mti wa tano, ambao ulikuwa umebaki vijiti, kisha akanitazama mimi.

"Nyuma ya ghala yangu kuna makapi ya misimu miwili," akasema. "Yako pale tangu mwaka jana. Si ungeniuliza?"

Kutoka jikoni kwangu hadi ghala yake ni hatua kama thelathini. Akawafunga mbuzi wake upya, mmoja mmoja, akaondoka nao. Jioni nilikuta magunia mawili ya makapi mlangoni, na miti iliyobaki ya kuwekewa ilikuwa mitatu tu.