Wino kwenye Sketi ya Mkutubi

Kabla ya kugusa karatasi ya mwanafunzi, mkutubi hufuta viganja kwenye sketi, kisha huilaza karatasi mezani na kuinyoosha pembe kwa ukucha wa gumba, taratibu, kama anayemtandikia mtoto kitanda. Huongea chini kwa chini hata maktaba ikiwa tupu. Mzee alimtazama akifanya hayo yote, yeye mwenyewe amesimama mlangoni, kofia mkononi, moyo juu juu. Jana alileta uhakiki wa kitabu aliouandika mjukuu wake kushindania tuzo ya vitabu vya watoto. Alikuta masanduku mawili, moja la hadithi na jingine la uhakiki, na kwa asiyejua kusoma masanduku yote ni mapacha. Zamani mkewe ndiye aliyekuwa macho yake. Sasa amelala kaburini. Mzee akautumbukiza uhakiki kwenye lililokuwa karibu. Leo ndiyo siku ya mwisho.

"Mwanangu, nadhani nimemponza mtoto."

"Ule uhakiki wa mjukuu wako, babu? Niliukuta kwenye hadithi, nikauhamisha. Usijali. Hata mwalimu mkuu alikosea sanduku, na miwani yake anayo."

Mzee alishusha pumzi hadi kofia ikamponyoka. Alipoinama kuiokota aliona masanduku yamechorwa picha ambazo jana hazikuwapo, moja penseli, jingine miwani. Na kwenye sketi ya mkutubi, pale anapofutia viganja, palikuwa na wino ambao haujakauka.