Niliusafisha Mvumo wa Ilimba ya Baba Yake

Kosa ni langu, msinitafutie kisingizio. Nimechoka kuitikia "salama" kila nikisalimiwa huku roho inaniuma.

Mimi na rafiki yangu, nitamwita Ndahani, tuna lebo ndogo ya muziki wa kompyuta hapa Dodoma, ule wa besi nzito zinazotikisa madirisha. Tulianzia kwenye chumba cha kupanga Majengo, bila kampuni yoyote ya kutushika mkono. Wimbo uliotutoa ulikuwa wa ilimba ya baba yake Ndahani. Tulimrekodi mzee nyumbani kwake Chamwino, kisha tukaweka besi zetu chini yake.

Mwaka huu lebo imetimiza miaka kumi, tukaamua kutoa albamu ya nyimbo zilizotufikisha hapa. Mzee alikuwa ameshafariki, kwa hiyo wimbo wake ndio ungefungua. Ndahani aliniambia niuguse kidogo tu.

Kidogo! Mimi na kidogo wapi na wapi.

Kwa asiyeijua ilimba, ni vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na ubao wake una tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Utando huo ndio unaofanya kila sauti ivume. Mimi ni Mgogo, nimelelewa na mvumo huo. Siwezi kusema sikujua!

Nilijua, ila niliona aibu. Niliwawaza wasikilizaji wa Ulaya wakisema spika zetu zimepasuka. Nikausafisha mvumo wote mpaka ilimba ikalia kama kengele ya baiskeli, na bado nikajipongeza, mjinga mimi! Kisha kompyuta ikajaa, nikafuta mafaili ya zamani. Humo ilikuwemo rekodi ya ilimba tupu, ambayo mwishoni mzee anacheka na kutuuliza kama tumekula. Nakala ilikuwa kwangu peke yangu.

Uzinduzi tuliufanyia kwao Chamwino. Mama yake Ndahani alikaa mbele na kitenge kipya. Nikaupiga wimbo. Akausikiliza wote kwa utulivu, kisha akamgeukia mwanawe.

"Huyu anayepiga ni nani?"

Ndahani akacheka, akidhani ni utani. Mama hakuwa anatania. Ndahani akanisogelea na kusema taratibu, "Weka ile ya mwanzo. Ya ilimba peke yake."

"Nimeifuta."

Hakunipiga. Bora angenipiga! Alizima spika, akaanza kukunja nyaya mbele ya wageni waliokuwa bado wameshika soda zao. Tangu siku hiyo hatujafanya kazi pamoja. Wimbo wa zamani bado upo mtandaoni, lakini besi zetu zimemfunika mzee, na kicheko chake hakimo. Kompyuta nimeizungusha kwa mafundi mpaka wananikwepa. Hakuna kitu.

Jamani, mwenye rekodi ya mzazi wake asiipambe ili wageni waipende. Itunze na makelele yake yote, na mpe mtu mwingine nakala. Mimi sikufanya hivyo, na nimejikosesha rafiki.

Bado naenda Chamwino kumwamkia mama. Ananiitikia vizuri tu, marahaba mwanangu, ananipa kigoda nikae. Kisha ananiuliza, kila mara, bila hasira yoyote:

"Umeshampata baba yenu?"