Viatu Kwanza, Kioo Baadaye

"Tangu nishike kalamu ya kioo sijawahi kurudia mstari, na atakayeniona narudia, aje aninyoe nusu kichwa!"

Mjomba aliyasema haya kwenye harusi ya dada yangu, maikrofoni mkononi, alipoombwa atoe nasaha kwa maharusi. Nasaha zenyewe hazikutoka. Watu walipiga makofi, bibi harusi akainamisha uso, na mkazamjomba akamvuta koti mumewe aketi kabla hajaanza kueleza aina za vioo.

Kwa asiyeijua kazi yetu, yale hayakuwa majigambo madogo. Kioo hakikatwi kama mkate. Unalaza rula, unachovya kalamu kwenye mafuta ya taa, nayo kalamu ina kigurudumu kidogo mdomoni, kisha unavuta mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo bila kusimama. Kikilia vizuri, kama kitambaa kipya kinachochanwa, kazi imeisha. Unakiegemeza kwenye ukingo wa meza, unabonyeza, kinaachana kwa adabu. Lakini ukisimama katikati, ukarudi kupita palepale ili uhakikishe, umekwisha. Kitavunjika kinavyotaka chenyewe. Ndiyo maana karakanani kwetu husemwa: mwenye shaka asishike kalamu.

Shaka ilimwingia Mjomba siku alipokuwa amebeba kioo na Kucha, fundi wa fremu, anayeitwa hivyo kwa sababu hapiti bila kumkwaruza mtu kwa maneno. Kioo kiliwapasukia mikononi. Kipande kikashuka kama shoka, kikachana ncha ya kiatu cha Mjomba na kuviacha vidole salama. Tulicheka sote, naye akacheka kutushinda.

"Vidole vyangu vinajua vina watoto wa kulea," akasema. "Vimejikunja vyenyewe!"

Tukadhani yameisha. Siku chache baadaye, nikiwa upande wangu wa fremu za picha, nikasikia kioo kinalia, kisha kimya. Nikainua macho. Mkono wa Mjomba ulikuwa umesimama katikati ya mstari kama mtu aliyesahau jina la mwenyeji wake. Jasho jembamba lilikuwa linamtoka, na karakana ilikuwa baridi. Akarudi nyuma. Akaupitia mstari upya. Kioo kikapasuka mpaka pembeni.

"Gesi," akasema, akijishika kifua. "Nimekula vibaya."

Kesho yake gesi ikarudi. Na keshokutwa. Mkono wake ukapata kigugumizi. Masikio yalimvuma, moyo ulikimbia kama umeibiwa, na vidole vikafa ganzi. Halafu shaka ikamfuata hadi nyumbani. Mlango akishaufunga, anarudi kuutikisa. Jiko likizimwa, anarudi kulitazama. Mkazamjomba alimburuta zahanati, daktari akamsikiliza moyo, akasema ni mzima kabisa, huo ni wasiwasi, ajifunze kupumua taratibu.

"Nimelipa hela," Mjomba akalalama njia nzima, "kuambiwa nipumue! Kwani nilikuwa nafanya nini siku zote?"

Bosi wetu ni mama mmoja anayeongea polepole, na akiongea polepole zaidi ujue mambo yameharibika. Alisubiri mafundi wengine watoke, ila mimi na Kucha tukajitia hamnazo kazini ili tusikie.

"Fundi," akasema, "Ijumaa nina kioo cha kujitazamia cha yule dada wa saluni. Kimebaki kimoja tu stoo. Kikitoka salama, meza ya kukatia ni yako. Kikivunjika, kalamu nampa Kucha, wewe utapaka gundi madirishani."

"Sawa, mama."

"Sijasema uchague. Nimekwambia mapema ili usije ukasema hukuambiwa."

Kupaka gundi ni kazi halali. Ila kumpa Mjomba gundi ni kama kumwambia imamu awe anapanga viatu mlangoni. Wiki ile hakula vizuri. Kucha naye, badala ya kufurahi, akawa mkali kwa kila mtu. Nadhani ile meza ya kukatia hakuitaka kwa njia ile.

Aliyegundua dawa ni mkazamjomba, naye hakuisoma popote. Aliona tu kwamba kila asubuhi mumewe anapong'arisha viatu vya shule vya watoto, mkono hautetemeki. Anaanza na cha kushoto. Anapangusa vumbi, anachota rangi kidogo kwa kitambaa, anazungusha vijiduara kutoka kidoleni kwenda kisiginoni, anakipulizia pumzi, ndipo anapiga brashi. Akifika cha pili, mabega yameshashuka.

"Baba watoto," akamwambia, "mbona hapo huna gesi?"

"Kiatu hakipasuki, mke wangu."

"Basi nenda na kiatu kazini."

Akamfungia brashi, kopo la rangi na kitambaa kwenye mfuko wa chakula. Siku hiyo Mjomba akaketi juu ya kreti kando ya meza yake, akavua kiatu, kilekile kilichochanika, akaanza kukisugua. Karakana ilikufa kwa kicheko.

"Mzee, unaposa leo?" Kucha akauliza.

"Nakuja kumposa mama yako, kaa vizuri mwanangu."

Alipomaliza aliosha mikono kwa sabuni, maana rangi ya kiatu ikigusa kioo ni balaa, akakausha kidole kimoja kimoja. Kisha akakata kipande cha dirisha. Mstari ukaenda wote. Kesho yake pia. Siku iliyofuata alifanya haraka, akaruka kuosha mikono, na mkono ukasimama katikati. Tangu hapo hakuruka kitu. Hofu haikuondoka, tuelewane. Alisema ipo palepale, ila akisugua inasogea kidogo, inampa nafasi ya kuketi.

Ijumaa ikafika. Mjomba alikuja mapema, akang'arisha viatu hadi nzi akitua angeteleza. Akaosha mikono. Kioo kikalazwa mezani, upande wa nyuma uliopakwa rangi ukiwa chini. Na hapo ndipo yule dada wa saluni akaingia kabla ya saa yake, futi ya kupimia mkononi.

"Samahani jamani, nimepima upya. Kipungue inchi moja."

Inchi moja! Mjomba akafuta alama, akapima, akafuta tena. Nikaona shingo yake inameta. Akaweka rula, akaiondoa. Bosi akakohoa. Mjomba akarudi kwenye kreti, akachukua brashi, akavitazama viatu vyake. Havikuwa na hata punje ya vumbi. Hapakuwa na cha kusugua.

"Fundi wenu ana nini?" dada akanong'ona.

"Anaomba radhi ya kioo," Kucha akamjibu. Halafu, bila kuombwa, akavua viatu vyake. Vilikuwa na matope ya tangu uhuru. Akavitua miguuni pa Mjomba. "Haya mzee. Hivi vitakumaliza."

Mjomba hakucheka. Akashika cha kushoto. Akapangusa, akachota, akazungusha. Dada akatazama saa, bosi akatazama dari, na mimi nikajikuta napumua kwa mwendo wa kile kitambaa. Alipomaliza cha kushoto hakugusa cha kulia. Akanawa. Akakausha kidole kimoja kimoja.

Akachovya kalamu, akavuta.

Kioo kikalia. Katikati, palepale alipozoea kukwama, sauti ikapungua, na mimi nikafumba macho. Sauti ikaendelea, nyembamba, mpaka ukingoni. Nilipofumbua, Mjomba alikuwa bado ameinama, macho yanaurudia mstari, kalamu hewani inatetemeka. Ilikaa hapo muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha akaichomeka mfukoni, akakisogeza kioo hadi ukingo wa meza, akabonyeza.

Kikaachana.

Kucha alikuwa amesimama na soksi zake zilizotoboka, kiatu kimoja kinang'aa, kingine kina matope. Mjomba akaegemea ukuta, uso umemwishia damu, akaomba maji.

"Bei ni ileile?" dada akauliza.

"Elfu sitini," bosi akasema. "Kuning'iniza ni elfu tano."