Wifi Alivyowainulisha Waheshimiwa Mikono

Wifi yangu ana sauti. Nasema mapema asije mtu akadhani nazua. Akiomba chumvi mezani, jirani wa pili anajua kwamba chumvi imeombwa. Si ugomvi, ni kazi. Amekuwa dobi wa hospitali tangu kabla kaka yangu hajamwoa, na kwenye chumba cha kufulia mashine zinanguruma kutwa. Usipopaza sauti, umekaa bure.

Jingine la huko kazini kwao ni mkono. Dobi akimwambia mwenzake "nawasha" au "usiguse", hafanyi kitu mpaka mwenzake ainue mkono kuonyesha amesikia. Walianza hivyo baada ya mmoja wao kubanwa vidole na ile mashine kubwa ya kunyoosha mashuka. Aliitikia "ndiyo" na hakuwa amesikia neno. Tangu hapo, bila mkono hakuna kazi.

Sasa, madobi wa pale ni wanawake watupu. Mwanamume hakuna hata wa dawa. Ng'ambo ya ukuta wako wale wa boila, mtambo wa kuchemshia maji ya kufulia, wanaume wote, na mshahara wao uko juu kabisa ya ule wa madobi. Joto ni lile lile, zamu zile zile, na wa boila hawajawahi kukutana na sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka. Sheria iliwaruhusu madobi kusema, tupimeni na hao. Wakafungua shauri, likakaa. Halafu ukaja muswada wa kubadilisha sheria: mwanamke ajilinganishe na mwanamume wa kazi ile ile tu, na mashauri yanayosubiri yafutwe. Yaani dobi apimwe na dobi. Mimi ni fundi cherehani, sijasoma sana, lakini nilitamani nimpate aliyeandika kile kifungu tuzungumze kidogo.

Kilichomuuma wifi zaidi ni bintiye. Mtoto alizunguka kutafuta kazi mpaka soli zikaisha, mwishowe akaajiriwa pale pale kwa mama yake. Watu wakaja kupongeza, wifi akacheka nao. Walipoondoka akaniambia jikoni, kwa sauti ya chini mpaka nikaogopa, "Wifi, shauri likifutwa, mwanangu atazeeka na mshahara wangu."

Basi katibu wa chama chao cha wafanyakazi akaleta habari kwamba kamati ya bunge inapokea maoni ya wananchi juu ya ule muswada, na madobi watoe mtu wa kuzungumza. Wenzake wakamsukuma yeye. Kaka yangu akasema, "Mke wangu, kule ni kwa waheshimiwa, utawapasua masikio." Nikamwambia, "Kaka, wewe hata mwenye nyumba unamkimbia. Mwache mwenzio."

Nilimsindikiza. Ukumbi ulikuwa na zulia zito na kimya cha kukutisha, na mbele waheshimiwa wamepangwa nyuma ya chupa za maji. Wifi alipofungua mdomo, fundi mitambo alivua vile vya masikioni kwa mikono miwili. Mwenyekiti, mama mmoja wa makamo, akamwambia taratibu, "Mama, kipaza sauti kinakusikia." Watu wakacheka. Wifi akapunguza, akasema, "Sisi hatuna mwanamume wa kujipima naye." Kisha akanyamaza.

Akanyamaza kabisa, anawatazama tu. Nilikuwa nyuma yake. Nikajua amesahau yote.

"Endelea, mama," mwenyekiti akasema.

"Sijaona mkono," wifi akajibu.

Hakuwa anatania. Woga ulikuwa umemrudisha kazini. Alipozinduka, mabega yalimshuka, akaanza kuvuta mkoba wake aondoke, nami nikaanza kuitafuta sura ya kumpelekea kaka yangu. Lakini mwenyekiti akamuuliza, mkono gani? Wifi akaeleza habari ya mwenzao na vidole vyake. Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho, akainua mkono wake, na wenzake wakafuata mmoja mmoja. Mzee mmoja aliyekuwa ameinamia simu aliinua wa mwisho, kwa kuona wengine wameinua.

"Wewe baba hukusikia," wifi akasema. "Narudia."

Akarudia. Mzee akaweka simu chini. Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yao: wifi anasema jambo, anasubiri, mikono inapanda. Joto, mkono. Sindano kwenye mashuka, mkono. Mwisho akasema, "Mkilifuta shauri letu, hamnifuti mimi peke yangu. Mwanangu ameanza kazi pale mwaka huu." Mikono ilipanda bila kusubiriwa.

Nje akakaa kwenye ngazi akaniuliza kama amewatia aibu. Nikamwambia amewatia adabu, atulie.

Hakutulia. Wiki zikapita anakula kwa kulazimishwa. Siku katibu alipokuja mwenyewe nyumbani, nilikuwa nampima wifi gauni, na kiuno kimepungua. Katibu akasema kile kifungu cha kufuta mashauri kimeondolewa. Kuhusu kile cha kulinganisha bado wanavutana, lakini shauri la madobi litasikilizwa kwa sheria ya zamani. Maoni yalitolewa na watu wengi, sitadanganya kwamba ni wifi peke yake. Ila nilifurahi, jamani. Siku ya harusi yake na kaka yangu sikufurahi hivyo, na yeye anajua. Tulikumbatiana, pini za gauni zikatuchoma wote wawili, na hakuna aliyejali.

Bintiye akarudi kutoka zamu, tukamweleza.

"Kwa hiyo tumeshinda?" akauliza.

"Bado. Ila tupo," wifi akasema. Akamvuta akae karibu naye. "Kesho nitaanza kukufundisha kazi."

Mtoto akamtazama mama yake kama hajaelewa. Miezi yote ile wifi alikuwa akimwachia kukunja mataulo tu, akiomba achoke, atafute kwingine.