Kisogo cha Kinyozi

Kazi yangu ni kufunga vidonda. Miaka kumi na sita niko kwenye chumba kile kile cha hospitali, mlango wa tatu kushoto, na nimeona wagonjwa wa kila aina: wanaolia kabla hawajaguswa, wanaojifanya hawaumwi, wanaokuja wamejifunga tambara la jikoni. Hakuna aliyenishinda mpaka alipokuja kaka yangu.

Kaka ni kinyozi. Ana saluni ya viti vitatu, na akikuchonga ndevu unatoka unajiona bwana harusi. Lakini upara ulimwanza hajafika hata miaka thelathini, na alipofika arobaini na tano alikuwa amebaki na utepe tu wa nywele kisogoni, kutoka sikio hadi sikio. Wateja wakamwita Msasa. Alicheka nao, nami nikaamini anacheka kweli.

Siku moja akaaga kwamba anasafiri kutafuta mashine mpya za kunyolea. Baada ya siku tatu akagonga mlango wangu, kichwa kimezungushiwa bandeji, mkononi mfuko wa dawa na karatasi ya maelekezo.

"Nimepandikiza nywele," akasema. "Wifi yako hajui. Nitakaa kwako wiki mbili."

"Hajui vipi, kaka? Kichwa hakifichiki."

"Ndiyo maana niko hapa."

Nikaifungua bandeji. Mbele kulikuwa na vitundu vidogo vidogo visivyohesabika, kila kimoja na unywele wake. Kisogoni, walikokata ukanda wa ngozi ili kupata hizo nywele, kulikuwa na mshono mrefu kama zipu. Kazi safi. Kilichobaki ni kuitunza tu, na ile karatasi ilieleza yote: alale kichwa kimeinuliwa, asikune, asivae kofia ya kubana, vigaga aviache vidondoke vyenyewe, nyuzi zitolewe siku ya kumi na mbili. Nikaibandika kwenye mlango wa friji.

"Umeisoma?"

"Yote."

Siku ya tatu uso ukamvimba mpaka macho yakawa mistari. Karatasi ilisema atavimba. Yeye akampigia mama simu kumuaga. Mama naye akanipigia mimi, kuniuliza kwa nini nimemwacha mwanawe aharibiwe sura, na kabla ya saa ya chakula cha mchana wifi alikuwa na habari zote.

"Kaa naye huko huko," wifi akaniambia. "Akipona nitakuja kumchukua, nimseme vizuri."

Siku ya tano nilitoka kazini nikamkuta bafuni, anabandua vigaga kwa mkia wa kitana.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nasafisha."

"Unang'oa. Hapo panapotoka damu, unywele umeondoka na kigaga."

"Miaka ishirini na mbili nashika vichwa vya watu. Leo wewe unanifundisha kichwa?"

Nikamnyang'anya kitana na kukifungia kabatini pamoja na vyombo vyangu vya kazi.

Siku ya nane nikakuta nyumba tupu. Nilijua pa kwenda. Alikuwa saluni, ananyoa, kofia ya sufu imemkaza kichwa. Tulipoivua ilikuwa imegandia kwenye mshono. Niliilowesha kwa maji ya chumvi nusu saa nzima, nachambua uzi wa sufu mmoja mmoja, yeye ananung'unika kwamba nina mkono mzito. Hapo ndipo akasema, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa asubuhi mshono ulimwasha akajipulizia spiriti, ile ile anayowapulizia wateja baada ya kuwanyoa.

"Si inaua vijidudu?"

"Inaunguza na nyama changa inayojaribu kufunga."

"Wateja hawajawahi kulalamika."

"Wateja wako hawana nyuzi kisogoni, kaka."

Kesho yake mshono ulikuwa mwekundu na unatoa usaha sehemu mbili. Nikampeleka hospitali, akakaa kwenye benchi na wagonjwa wenzake. Daktari, kijana niliyemwona akianza kazi, akamwambia asikune, asivae kofia, asipake kitu ambacho hakupewa. Neno kwa neno, yale niliyoyasema siku tisa mfululizo. Kaka akaitikia kwa adabu zote, kisha akaandikiwa dawa.

"Unaona," akaniambia tukitoka, "yule ameeleza vizuri. Angenieleza mapema haya yasingetokea."

Nilishika kitasa cha mlango, maana mkono wangu ulihitaji kazi.

Usaha ulipokauka, nyuzi nilizitoa mimi mwenyewe. Alikuwa ameinamisha kichwa, hanioni, na labda ndiyo sababu akasema. Kuna mteja mgeni aliingia saluni, kiti cha kaka ndicho kilichokuwa wazi. Yule mtu akamtazama, akasema atamsubiri kinyozi mwingine, kwa sababu asiye na nywele hawezi kujua nywele. Saluni nzima ikacheka, na kaka akacheka pia. Wiki ile ile akaanza kuulizia upasuaji.

Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia asitikise kichwa.

Wiki iliyofuata, wifi akiwa ameshamchukua, alikuja mpaka kazini kwangu, akapita foleni ya wagonjwa, akaniwekea bahasha mezani. Ndani zilikuwa nywele.

"Zimekufa zote," akasema. "Nimeibiwa."

"Nywele za kwanza huanguka, mizizi inabaki. Zitaota tena baada ya miezi mitatu, minne. Iko kwenye karatasi."

"Ilikuwepo?"

"Mstari wa tisa. Ulisema umesoma yote."

"Niliipitia."

Kovu nalo halikumsamehe. Lilipaswa kuwa mstari mwembamba, lakini pale palipotunga usaha lilinyanyuka, gumu, linawasha. Akachomwa sindano ndani ya kovu lenyewe mara tatu, mwezi mmoja baada ya mwingine, kisha akapewa jeli ya kupaka na kuambiwa kovu likandwe asubuhi na jioni. Kazi hiyo aliichukua wifi. Anamwambia "kaa," anakaa. Anamwambia "usiguse," hagusi. Nimewatazama nikajiuliza mimi nilikosea wapi.

Sasa mwaka umepita. Nywele zimeota, isipokuwa kipande cha ukubwa wa ukucha, pale pale alipopitisha kitana, na bado wanamwita Msasa. Kovu limelala, ingawa ni pana kuliko lilivyotakiwa, na nyuma anafuga nywele kidogo kulifunika. Wateja wenye upara wanamuuliza, naye anazima mashine na kuwapa somo zima: msikune, msivae kofia, msiguse spiriti, someni karatasi.

Juzi alinipigia simu nikiwa na mgonjwa mezani. Alikuwa amenitumia mteja wake aliyepasuka kichwa kwa kuanguka kwenye ngazi, na alitaka kuhakikisha kama nimemsafisha kwa maji ya chumvi.

"Maana ninyi wa hospitali," akasema, "wakati mwingine mna haraka."